Nati Mbili za Kabureta

Jabez Tidmarsh hakuwahi kuendesha gari hata siku moja maishani mwake. Kazini alikwenda kwa baiskeli, kanisani kwa miguu, na alipolazimika kusafiri mbali alipanda treni, akachagua kiti kinachotazama nyuma, kwa sababu alisema hapendi kuona vitu vikimjia usoni. Lakini mwaka 1912, ukiuliza katika mji wa Coventry ni nani anayeweza kuichukua injini yenye nguvu za farasi ishirini na kuirudisha ikiwa na thelathini na tano, bila kuiongezea silinda, ungeelekezwa kwenye kibanda cha matofali nyuma ya kiwanda cha magari cha Orme. Ungeambiwa pia ubishe hodi kwanza, maana mwenyewe hataki kushtuliwa.

Alizaliwa katika nyumba ya mafundi saa. Baba yake alikaa maisha yote kwenye benchi chini ya dirisha, lenzi jichoni, akimalizia saa ambazo wengine walizianza. Saa za bei rahisi kutoka ng'ambo zilipoua kazi hiyo, mafundi wa mtaa mzima walihamia kwenye baiskeli, na baiskeli zilipojaa wakahamia kwenye magari. Jabez alihama nao, ila mikono yake haikuhama. Ilibaki mikono ya fundi saa. Haikuweza kuona skrubu iliyolegea ikaiacha. Mkewe, Keziah, alikuwa akimwonya kabla hawajaenda kwa watu, kwa kuwa aliwahi kumkuta sebuleni kwa mhubiri akikaza kishikio cha birika la chai kwa ncha ya kisu, huku akijibu swali kuhusu Nabii Yeremia.

Kazi yake kibandani ilikuwa ya kujaribu. Hakukuwa na kitabu cha kumwongoza, na waliodai kujua walijua kidogo. Wengine walitaka kuipa injini moto zaidi. Jabez alitaka kuipa pumzi. Alizisugua njia za hewa kwa kijiti kilichoviringishiwa msasa mpaka zikang'aa kama ndani ya kijiko. Alizitoboa pistoni matundu ili ziwe nyepesi, akazipima zote nne kwenye mizani ya Keziah ya unga, akaikwangua iliyozidi. Akachonga upya vinundu vya mhimili unaosukuma vali, ili vali ya kuingizia hewa ichelewe kidogo kufunga.

"Jab," mafundi wenzake walimcheka, "mgeni ameshaingia, wewe bado umeshika mlango?"

"Hajamaliza kuingia," alijibu bila kuinua kichwa. "Ana mbio zake. Ukimfungia unamkata kisigino."

Majaribio mengi yaliharibika. Springi zilikatika, pistoni moja iliyeyuka kama mshumaa, na mara moja kipande cha vali kilipasua dirisha la choo cha kiwanda kukiwa na mtu ndani. Lakini kila baada ya hasara kulikuwa na hatua moja mbele, na Jabez aliyekuwa mtu wa maneno machache alirudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi.

Mwenye kiwanda, Bwana Septimus Orme, hakuyaonea raha mambo hayo. Yeye aliuza magari kwa madaktari na mapadri.

"Tidmarsh," alimwambia majira yale ya kuchipua, akiwa amesimama mlangoni pa kibanda asichafue viatu, "daktari wa kijijini hataki kukimbia. Anataka kufika."

"Injini inayopumua vizuri hufika pia, bwana."

"Basi ifike kwenye mbio za Brooklands Jumatatu ya Pentekoste, mbele ya watu, nione. Isipofanya kitu cha kuonekana, kibanda hiki kinarudi kuwa stoo ya makasha, nawe unarudi kwenye benchi la kuunganisha pamoja na wenzako. Nimesubiri vya kutosha."

Jabez alivua kofia, akasema ndiyo bwana.

Dereva alikuwa Hugh, mwana wa mwenye kiwanda, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye miguu mirefu na haya ya ajabu kwa mtoto wa tajiri. Ndiye aliyemwomba baba yake kibanda kile. Ndiye pekee aliyeingia humo akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akauliza, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Jabez alimwita Bwana Hugh, naye alimwita Tidmarsh, kama desturi ilivyotaka, lakini walizungumza kama watu waliobeba mzigo mmoja kwa ncha mbili.

Sasa, Brooklands magari hayaachiwi yote kwa pamoja. Gari la polepole huachiwa kwanza. Lenye mbio hushikiliwa mstarini, huku dereva akiwatazama wenzake wakitokomea, mpaka mwenye saa aseme nenda. Mwenye saa ndiye hupanga nani aondoke lini, na hupanga kwa alichokiona kwenye mazoezi. Ndiyo maana uwanja wa mabanda ya mafundi, pembeni mwa barabara ya mbio, ulikuwa na ustadi wake wa siri, ustadi wa kuonekana goigoi. Mmoja alifanya mazoezi na breki imeshikwa kidogo. Mwingine alificha magunia ya mchanga chini ya kiti. Watu walikonyezana, na mwenye saa alijua kwamba wanakonyezana, na mchezo uliendelea.

Hugh Orme hakuucheza. Mwaka uliotangulia mtu alimshauri, naye akajibu mbele ya Jabez: "Nikishinda kwa kumdanganya mzee wa saa, nimemshinda nani?"

Jabez alilipenda jibu hilo. Alikuwa Mmethodisti, hakunywa, hakucheza kamari, na kwa miaka mingi alisema kwamba kuficha mwendo ni wizi kama wizi mwingine. Kwa hiyo ni vigumu kueleza jinsi alivyokaa kibandani wiki ya mwisho, mlango umefungwa, akikata kwa mkasi kipande cha shaba chembamba kama kadi, akakitoboa tundu la ukubwa wa shilingi katikati, na matundu mawili madogo pembeni za kupitishia bolti. Kipande hicho, kikikaa kati ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, na bomba la injini, huinyima injini karibu theluthi ya pumzi yake. Ukingo wake aliupaka masizi na mafuta ili usionekane. Alikifanya vizuri. Hakujua kufanya kitu vibaya.

Alijiambia kwamba hakifanyi kwa ajili ya ushindi. Alikifanya ili kibanda kisifungwe. Jumatatu asubuhi angekitoa kabla Bwana Hugh hajamaliza kifungua kinywa hotelini, na hakuna mtu ambaye angejua.

Jumamosi, kwenye mazoezi, gari la Orme lilizunguka kwa mwendo wa gari la daktari. Hugh alirudi uso umemshuka.

"Kuna kitu kinaibana, Tidmarsh. Naikanyaga, haipandi. Kule Coventry ilikuwa ikiruka."

"Bado ngumu, Bwana Hugh. Itafunguka."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hugh akatabasamu, mara moja, kama mtu aliyetua mzigo. Jabez hakuwa amewahi kumwambia uongo kabla ya hapo, na kijana hakuwa na sababu ya kuutafuta. Ndicho kilichomkera Jabez siku nzima ya Jumapili, katika kanisa dogo la Weybridge, mji ulio karibu na uwanja wa mbio, ambako hakujulikana na mtu. Walipoimba alifungua kinywa, sauti haikutoka. Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka akampa pipi ya kifua.

Jumatatu aliingia mapema kwenye banda lao pale uwanjani. Akafungua boneti, akashika spana, akalegeza nati ya kwanza kati ya zile mbili zinazoshikilia kabureta. Akaiweka spana kwenye nati ya pili, ikalegea nayo. Hapo ndipo mlango ulipozibwa na Fred Sallis.

Sallis alikuwa fundi wa banda la jirani, mtu wa London, mnene, mwenye kikombe cha chai mkono mmoja na soseji ndani ya mkate mkono wa pili. Ndiye aliyekuwa na yale magunia ya mchanga.

"Mchungaji!" alisema, kwa jina la utani walilompa Jabez. "Heri ya Pentekoste. Nasikia Jumamosi mlimpita mwendesha baiskeli."

Jabez alisimama akiificha injini kwa mwili wake. "Asubuhi njema, Sallis."

"Tena mpanda baiskeli mwenyewe alikuwa amesimama, anafunga kiatu." Sallis alitafuna. "Usikasirike. Nimemtetea huyu mzee wa Coventry, haki ya Mungu nimekutetea. Nimewaambia, jamani, yule ni fundi saa. Gari lake linajua ni saa ngapi. Shida yake ni kuwahi tu."

Angetukanwa yeye, au mama yake, Jabez angevumilia. Lakini kuna watu ambao aibu yao yote imekaa mahali pamoja, na kwake mahali hapo palikuwa injini.

"Unajua vali yangu inafunga lini?" alisema.

"Ikichoka?"

"Pistoni imeshaanza kupanda. Imepanda robo ya safari yake, na vali bado iko wazi, na hewa bado inaingia, kwa sababu hewa ina uzito, Sallis, nayo ikishaanza kukimbia haisimami kwa sababu wewe umetaka isimame." Alikuwa amegeukia injini, mkono wa kushoto ukionyesha, mkono wa kulia ukiwa umeshika spana. Alieleza zile pistoni na matundu yake. Alieleza njia za hewa na msasa. Alieleza urefu wa bomba la kutolea moshi, ambao alikuwa ameukata inchi kwa inchi majira yote ya baridi. Hakuwahi kuzungumza mfululizo namna hiyo, na Sallis alisahau kutafuna.

Na wakati kinywa kikisema, mkono wa kulia ulikuta nati mbili zimelegea. Ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni. Ukaikaza ya kwanza, ukaikaza ya pili, ukaongeza robo mzunguko kwa usalama.

"Leo mtaona," Jabez alimalizia.

"Tutaona, Mchungaji," alisema Sallis, safari hii bila mzaha mwingi, akaondoka.

Pale pale Hugh aliingia na baba yake nyuma, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mtu wa uwanjani akapita akiita magari ya mbio za kwanza. Jabez alitupa jicho kwenye kabureta. Nati zilikuwa zimekazwa, kama zilivyotakiwa kuwa kazi ikimalizika. Kichwa chake kikaamini kwamba kazi imemalizika. Akafunga boneti, akasaidia kusukuma gari.

Mwenye saa, aliyeliona gari hilo likijikokota Jumamosi, alilipa nafasi nzuri. Liliondoka miongoni mwa ya mwanzo. Jabez alisimama kwenye uzio pamoja na Bwana Septimus, ambaye alikuwa amevaa kofia ya sherehe na kushika darubini.

Magari yalipotea nyuma ya mteremko, yakasikika upande wa reli, yakaja. Jabez hakuhitaji darubini. Alilisikia la kwao likiwa bado mbali. Lilikuwa likikoroma, linataka kupanda na halipandi, kama mtu aliyefunikwa kitambaa puani. Aliijua sauti hiyo. Ni yeye aliyeitengeneza.

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha: maelfu walikuwepo uzioni pale wakiwa na miavuli na mikate yao, na hakuna mmoja aliyejua kwamba injini inayopita mbele yao imekabwa koo na mtu aliyeitunza kama mtoto. Hakuweza kupiga kelele. Hakuweza kukimbilia barabarani. Ilibaki mizunguko miwili, na ilimbidi aisimamie yote, huku gari moja baada ya jingine likimpita Hugh, na Hugh akiwa ameinama juu ya usukani, akilihimiza kwa mwili kama mtu anayehimiza farasi. Mbio zilipokwisha, aliokuwa amewaacha nyuma walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Basi," alisema Bwana Septimus, akaifunga darubini kwenye mfuko wake wa ngozi.

Walimkuta Hugh ameshashuka. Uso ulikuwa na mafuta ila pale miwani ilipokaa. Hakumtazama baba yake kwanza. Alikwenda kwa Jabez.

"Nisamehe, Tidmarsh," alisema. "Nadhani ni mimi. Nilichelewa kubadili gia kwenye mzunguko wa kwanza, nikaizamisha, na sikuweza tena kuiamsha. Majira yote ya baridi umeifanyia kazi, nami nimeitupa mbele ya watu." Kisha akageuka. "Baba, kosa ni langu. Si la injini. Nakuomba usimhukumu kwa uendeshaji wangu."

Hapo palikuwa na mlango wazi. Neno moja lingetosha. Jabez alifungua kinywa, likatoka "La, Bwana Hugh," dogo, ambalo kila mtu alilichukua kuwa adabu. Septimus alisema kwamba mbio za pili ni alasiri, wacha wazikimbie kwa kuwa wamekwisha kujiandikisha, na Jumanne makasha yataanza kuhamishiwa kibandani.

Jabez alitoka nje kutafuta hewa. Njiani alikutana na Sallis, ambaye alimshika bega kama ndugu.

"Na mimi nikakuita Mchungaji!" alinong'ona. "Kumbe wewe ndiye mkuu wetu. Mnapoteza ya kwanza makusudi, mzee wa saa anawaonea huruma, alasiri anawaachia kabla ya kila mtu, halafu mnalifungulia. Hata kijana kajua kuigiza. Uso ule! Nilikaribia kulia." Akacheka mpaka akakohoa. "Heko, kaka. Heko kabisa. Nitamwambia kila mtu mkishashinda, si kabla."

Jabez aliondoa mkono ule begani mwake polepole. Sasa aliuona mtego alioutega ulivyofunga pande zote. Akikitoa kipande kile kimyakimya, gari litaruka, litashinda kwa mbali, kibanda kitapona, na uwanja mzima utasema kwamba Hugh Orme ni mwongo kama wengine, tena mwongo stadi. Akikiacha, Hugh ataamini maisha yake yote kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba kwa kitambo kidogo, akiwa amesimama pale kati ya mabanda, aliipima njia ya pili, akaona kwamba inawezekana.

Alirudi bandani. Hugh alikuwa amekaa juu ya sanduku la vyuma, kipande cha mkate wa nyama mkononi, hajakigusa. Jabez alikwenda kwenye gari. Alifungua boneti, akalegeza nati mbili, akaisogeza kabureta, akakivuta kipande cha shaba kwa kucha. Akakifuta kwa kitambaa, kwa mazoea, akakiweka kwenye kiganja cha Hugh.

Hugh alikigeuza. Alilitazama tundu lake. Hakuwa mjinga wa injini, hakuhitaji kuelezwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mazoezi, Bwana Hugh."

"Baba anajua?"

"Hajui. Ni mimi peke yangu."

"Na leo ulikusudia kukiacha humo?"

"Nilikusudia kukitoa. Nilizilegeza nati. Nikaanza kumweleza Sallis habari za vali, nikazikaza tena. Nilisahau."

Hugh akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, hakikuwa na ubaya, kilimponyoka tu, na Jabez angependelea kupigwa spana.

"Nimekuomba msamaha," Hugh alisema baadaye, taratibu. "Hapo nje. Mbele ya baba."

"Ndiyo, Bwana Hugh."

"Ukaninyamazia."

"Ndiyo."

Kijana alisimama, akavaa koti.

"Niache niende mimi kwa mwenye saa," alisema Jabez. "Ni kosa langu, niliseme mimi."

"Utakuja. Lakini nitasema mimi. Jina lililoandikwa ubavuni mwa gari ni langu."

Mwenye saa alikuwa kwenye meza yake, amezungukwa na madereva na mafundi wenye malalamiko yao. Hugh alikiweka kipande cha shaba mezani, akasema kilikuwa wapi, akasema anaomba nafasi zipangwe upya. Hakusema kimewekwa na nani. Haikusaidia kitu, kwa kuwa Jabez alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, masikio mekundu kama nyanya.

Mzee alikitazama kile kitu bila mshangao. "Bwana Orme, kila gari la hapa lina uongo wake ndani," alisema. "Wako ndio wa kwanza kuletwa mezani." Akainua macho, yakampita Hugh. "Wewe fundi. Bila hiki, linazunguka kwa mwendo gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Jabez kutaja nguvu ya injini yake hadharani. Alikuwa ameingojea siku hiyo kwa miaka. "Maili tisini na mbili kwa saa, bwana," alisema. "Barabara ikiwa kavu, tisini na tatu."

Mmoja alipiga mbinja. Mwenye saa akaandika. Fred Sallis alikuwepo pia, kando ya meza. Alimtazama Jabez, akatazama viatu vyake mwenyewe, wala hakutania. Jabez angefurahi kama angetania.

Katika mbio za pili gari la Orme lilishikiliwa mstarini mpaka karibu yote yamekwisha kuondoka. Jabez hakwenda kwenye uzio. Alisimama nyuma ya banda, uso ameuelekeza kwenye mbao zilizopakwa lami, akasikiliza. Likaondoka. Likapanda. Liliendelea kupanda pale ambapo injini zote alizozijua zilikuwa zimefika kikomo, sauti moja safi iliyonyooka kama uzi, na umati ukaanza kunguruma upande wa pili wa banda, mtu mmoja akipiga kelele "Tazama lile la kijani! Tazama lile la kijani!" Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hicho. Hakugeuka.

Lilimaliza la tatu, pua yake ikikaribia kugusa mkia wa la pili.

Bwana Septimus alimkuta hapo hapo. "Tidmarsh, mbona umeupa ukuta uso?"

"Nilikuwa nasikiliza, bwana."

"Wa tatu, baada ya kuanza karibu wa mwisho. Nimeona. Mtu mmoja amenifuata anataka kulinunua. Kibanda kibaki." Akamsogelea, akashusha sauti, na chini ya masharubu palikuwa na tabasamu. "Hugh ameniambia habari ya kile kidubwasha. Ungekuja kwangu mimi, bwana wee. Mimi ningekukumbusha ukitoe."

Kibanda kilikuwa kimepona, na aliyemsamehe ni mtu ambaye hakuona kosa. Jabez alisema asante.

Hugh hakumfukuza, hakumtukana, hakubadilisha sauti. Aliendelea kuja kibandani, aliendelea kukaa juu ya ndoo na kuuliza. Kitu kimoja tu kilibadilika. Kwenye mbio zilizofuata, kabla ya mazoezi, aliingia bandani, akavua glavu, akasema, "Niazime spana, Tidmarsh." Akafungua boneti mwenyewe, akalegeza nati mbili, akaisogeza kabureta, akachungulia. Akazikaza tena. "Asante," akasema, akamrudishia spana.

Usiku ule Keziah aliona kwamba mumewe hajala.

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Amekusema kwa watu?"

"Hapana. Amefungua nati."

Keziah hakuelewa mara moja. Alipoelewa alisogeza kiti karibu naye, akakaa.

Ikawa desturi. Kila mashindano, kabla ya mazoezi na kabla ya mbio, nati mbili. Mafundi wa mabanda mengine waliijua ibada hiyo, wakajifunza kutazama pembeni. Jabez naye akajifunza kuisubiri. Aliweka spana ya ukubwa ule juu ya kitambaa safi, mpini ukielekea mlangoni, akasimama kando mikono nyuma, mpaka imekwisha. Injini ziliendelea kupata pumzi. Mwaka uliofuata walivuka maili mia moja, na jina la Orme likaandikwa magazetini. Magazeti hayo Keziah ndiye aliyeyatunza.

Siku moja ya kiangazi cha 1914, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Byfleet, kijiji jirani na Brooklands, na barabara ilibakiwa na muda mfupi wa ukavu. Hugh alichelewa kutoka kwenye treni. Alifika bandani mbio, akaruka moja kwa moja kwenye kiti, akashusha miwani.

"Zungusha, Tidmarsh! Wameshaanza kuita."

Jabez alikuwa amesimama mbele ya gari. Hakuushika mpini wa kuwashia. Spana ilikuwa mkononi mwake, juu ya kitambaa.

"Bado hujatazama, Bwana Hugh."

"Acha leo. Mvua inakuja." Hugh aliinua miwani kidogo, na sauti yake ikalainika. "Acha, bwana. Nakuamini. Ni siku nyingi sasa."

Nje waliita namba yao. Jabez alizunguka ubavuni, akafungua boneti, akalegeza nati ya kwanza, kisha ya pili. Akaisogeza kabureta, akarudi nyuma hatua moja.

"Tafadhali," alisema.

Waliita tena. Hugh alimtazama fundi wake, kofia imevuliwa, kichwa kimeshaanza mvi, macho yako sakafuni. Akashuka garini, akavua glavu ya kulia, akainama, akachungulia ndani ya bomba, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku matone ya kwanza yakianza kupiga bati juu yao.